Ilikaza, Lakini Haikubana

Pofu, yule swala mkubwa, alisimama kiubavu chini ya mti wa mtundu, kichwa kikielekea kushoto, katika umbali ambao baadaye tuliupima kwa hatua tukapata 92. Mgeni wetu alikuwa ameiegemeza bunduki juu ya fimbo tatu, pumzi imetulia, kidole kimekaa pale kinapotakiwa kukaa. Niliyaona yote hayo kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake la kulia, na kwa sababu bunduki ile, Remington 700 ya risasi za .375 H&H, nilikuwa nimeiandaa mimi.

Mlio ukapita kwenye miti. Baada yake ikaja ile sauti nyingine, nzito na ya chini, ambayo ukiisikia mara moja huisahau.

"Tumbo," mzee wetu wa nyayo akasema, kabla mnyama hajatoweka.

Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia. Kesho yake saa 5 asubuhi tulimkuta amelala kivulini, yu hai bado, ameinua kichwa akitutazama. Mwindaji bingwa akammaliza kwa risasi moja. Nilipopima kutoka mahali risasi ilipotakiwa kuingia hadi mahali ilipoingia, nilipata shibiri moja kamili kwenda kulia.

Mgeni alivua kofia. Akasema, kwa sauti ambayo hakutaka isikike na wengi, kwamba mkono wake ndio uliokosea. Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi kwa wiki 6 zilizofuata.

## Nilichokuwa na hakika nacho

Mwezi Juni, kabla msimu wa uwindaji katika pori la Rungwa haujafunguliwa, niliifungua bunduki ile yote. Kulikuwa na kutu nyembamba chini ya besi, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyofungwa kwa skrubu juu ya risiva, ule mwili wa chuma wa bunduki ulio nyuma ya mtutu, ili vibebe ringi, na ringi nazo zibebe darubini. Kutu ya namna hiyo huja kila baada ya masika, na dawa yake ni kufungua, kusugua, kupaka mafuta na kurudisha. Nilitoa skrubu 4 nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Nilizirudisha jioni, kwa mwanga wa taa, nikazikaza moja baada ya nyingine mpaka kiganja kikauma.

Katika seti ile skrubu 2 ni ndefu kwa ajili ya besi ya nyuma, na 2 ni fupi kwa ajili ya besi ya mbele. Tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba huioni mpaka uzisimamishe bega kwa bega. Nilikuwa naifahamu tofauti hiyo. Siku ile sikuzisimamisha bega kwa bega.

Siku ya kwanza kambini, mgeni alipiga risasi 3 kwenye shabaha iliyokuwa mita 100, na zote zikaingia ndani ya duara ambalo ungeweza kulifunika kwa kikombe cha kahawa. Tukaridhika wote. Siku tatu zilizofuata bunduki ilisafiri ndani ya Land Cruiser, juu ya korongo, visiki na njia ambazo hazistahili kuitwa njia. Siku ya nne akatokea pofu.

Kila nilipoikumbuka ile shibiri moja, nilijijibu kwa sentensi ileile: nilizikaza mwenyewe, na zilikaza.

Sentensi hiyo ilikuwa kweli. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ukweli wake haukuwa na msaada wowote.

## Darubini iliyosingiziwa

Mgeni alipoondoka niliichukua bunduki nikaipeleka kwenye shabaha, nikailaza juu ya mifuko ya mchanga. Risasi ya kwanza na ya pili ziligusana. Ya tatu ilikwenda kulia kwa kiasi cha kiganja na nusu. Ya nne ilirudi karibu na zile za kwanza. Ya tano ikakaa katikati, kama mtu asiyejua aende upande gani.

Nikaamua kwamba darubini imekufa. Ndilo jambo ambalo karibu kila mtu huamua kwanza, kwa sababu darubini ndicho kitu chenye vioo, springi na vidude vya ndani visivyoonekana, na kitu kisichoonekana ni rahisi kukishtaki. Nikafungua vifuniko vya ringi, nikaitoa, nikaweka nyingine niliyokuwa na hakika nayo. Besi sikuigusa. Nilikuwa najua imekaza.

Darubini ya pili ikafanya vilevile.

Nikashuku risasi, nikabadilisha boksi. Nikasugua mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikakagua skrubu za kitako cha mbao, ambazo nazo zikilegea huweza kuleta balaa linalofanana na hili. Wiki zikapita. Kazi nyingine za kambi zilikuwa nyingi, na bunduki ile niliitenga, nikaifungia kitambulisho cha karatasi kisemacho isitumike. Lakini kila jioni nilipopita ghalani niliitazama, na kila nilipoitazama niliiona ile kofia mkononi mwa mgeni.

Jibu halikuja kwa akili yangu. Lilikuja kwa mafuta.

Nilikuwa naipaka mafuta kabla ya kuirudisha kwenye rafu, na tone moja likatambaa kwenye mshono kati ya besi ya mbele na risiva. Nilipoinua bunduki kwa kushika mrija wa darubini, jambo ambalo nawakataza vijana kila siku, ule mstari wa mafuta ulififia ukaingia ndani. Nilipoilaza chini ukatokeza tena. Nikarudia. Ukaingia, ukatoka. Nikaweka ncha ya kidole juu ya mshono na kuusukuma mrija kwa mkono wa pili, taratibu kabisa, na chini ya kidole nikahisi kitu kidogo mno, kama mshipa unaopiga.

Chuma kilikuwa kinapumua.

## Alama ya mwezi mwandamo

Nilichukua bisibisi nikaanza na skrubu ya mbele kabisa. Ilikataa. Nilipoongeza nguvu ilitoa mlio mkavu, ka, ndipo ikaanza kuzunguka. Ilikuwa imekaza kweli, tena kuliko nilivyokumbuka. Skrubu ya pili, iliyo nyuma yake kwenye besi ileile, niliitoa kwa vidole viwili.

Niliigeuza ile ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ndefu. Na kwenye ncha yake, upande mmoja, kulikuwa na alama ndogo inayong'aa, imepinda kama mwezi mwandamo.

Kwenye Remington 700, kama ilivyo kwa bunduki nyingi za bolti, ile komeo ya chuma inayosukumwa kwa mkono kufunga nyuma ya risasi, tundu la mbele kabisa la besi limetobolewa juu ya mahali ambapo mtutu umeingia ndani ya risiva kwa hesi, yaani meno ya skrubu. Tundu la pili liko nyuma kidogo, juu ya njia ya masikio ya bolti, vile vijino vyake vya kufungia. Skrubu ikiwa ndefu katika tundu la pili, bolti itakuambia: itakwaruza au itakataa kufunga, na utajua siku hiyohiyo. Skrubu ikiwa ndefu katika tundu la kwanza, hakuna kitakachokuambia. Inashuka, inagonga hesi za mtutu, inasimama. Mkono unahisi ukuta. Unaongeza nguvu, ukuta hausogei, unasema imekaza.

Ilikuwa imekaza dhidi ya mtutu. Kichwa chake kilikuwa kinaelea juu ya besi.

Niliipima baadaye. Nilirudisha skrubu ile kwenye tundu bila besi, nikaizungusha mpaka ikagota, kisha nikapima nafasi iliyobaki chini ya kichwa: 3.4 mm. Sehemu ya besi ambayo kichwa hicho kinatakiwa kuikalia ina unene wa 3.1 mm. Kwa hiyo kati ya kichwa na besi kulikuwa na uwazi wa 0.3 mm, umefichwa ndani ya kishimo cha kichwa, mahali ambapo jicho halifiki.

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, na nilikuwa nimeyatumia maisha yangu yote kana kwamba ni neno moja. Kukaza ni habari ya skrubu na mkono: umezungusha mpaka haizunguki tena. Kubana ni habari ya vipande viwili vya chuma ambavyo skrubu imevishika visiachane. Mkono unaweza kuthibitisha la kwanza. La pili mkono haulioni kabisa.

Niliikaza. Haikubana.

## Hesabu niliyoifanya usiku

Usiku ule nilichukua karatasi, kwa sababu nilitaka kujua kama kosa la 0.3 mm linaweza kweli kumtoa pofu begani na kumpiga tumboni. Nilitumaini kidogo kwamba haliwezi.

Kati ya ringi ya mbele na ya nyuma kuna kama 120 mm. Tundu la besi ni lazima liwe pana kidogo kuliko skrubu inayopita humo, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoiruhusu besi isiyobanwa kuteleza pembeni. Ikiwa mbele imesogea kushoto kwa 0.1 mm, ambao ni unene wa karatasi ya kuandikia, basi katika mita 100 mstari wa kulenga unatofautiana na mtutu kwa zaidi ya 8 cm. Ikiwa imesogea 0.3 mm, tofauti ni 25 cm katika mita 100, na kwa zile hatua 92 zetu, ambazo si zaidi ya mita 80, ni kama 20 cm. Darubini ikitazama kushoto, mpigaji hugeuza bunduki yote kulia ili msalaba wa darubini urudi kwenye bega la mnyama. Mtutu nao huelekea kulia.

Shibiri moja, kwenda kulia.

Niliendelea kuhesabu, ingawa nilikuwa nimeshapata nilichokiogopa. Risasi ya .375 yenye gramu 19.4 hutoka kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde. Bunduki yenye kilo 4.3, ukihesabu na uzito wa baruti inayogeuka gesi, inakuwa tayari inarudi nyuma kwa kama mita 4 kwa sekunde wakati risasi inaondoka mdomoni mwa mtutu, na yote hayo hutokea ndani ya sekunde moja na nusu ya elfu. Darubini na ringi zake, gramu 600, hazitaki kwenda. Ili zivutwe pamoja na bunduki inahitajika nguvu ya wastani ya niutoni 1,600 hivi, sawa na uzito wa kilo 160, na kileleni ni zaidi ya hapo.

Nani anaivuta? Watu wengi hudhani ni shina la skrubu. Ni msuguano. Skrubu ndogo za besi, zile za kipimo cha 6-48, zina kipenyo cha 3.5 mm tu. Ukiikaza mojawapo kwa niutoni-mita 2.5, inavutika kidogo kama springi na kuibana besi kwa takriban niutoni 3,500. Nikichukua msuguano wa chuma kwa chuma kuwa 0.15, kila skrubu inazuia utelezi wa niutoni 525. Zote 4 pamoja zinazuia 2,100. Zikibaki 2 zinazobana kweli ni 1,050, na 1,050 ni ndogo kuliko 1,600.

Ni hesabu ya juujuu, najua, lakini ilinitosha. Risasi 3 za siku ya kwanza zilikwenda vizuri kwa sababu skrubu ya pili ilikuwa bado ina nguvu ya kuishika besi peke yake. Kila mlio uliisogeza nywele moja. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinacholegeza skrubu zaidi ya chochote ni mtikisiko wa pembeni, yaani vipande vilivyofungwa vinapoteleza kimoja juu ya kingine, na kwamba utelezi ukishaanza skrubu hujifungua yenyewe kidogo kidogo. Sisi tuliipa milio, kisha tukaipa siku tatu za Land Cruiser.

## Spana ambayo ingenidanganya

Jambo la kwanza nililolifanya baada ya hapo lilikuwa kuagiza spana ya kupimia ukazo, ile inayolia ikifika kiwango ulichoiwekea. Ilipofika niliishika kama mtu aliyepata tiba. Watengenezaji wengi wa besi hutaja kiwango cha kati ya niutoni-mita 1.7 na 2.8 kwa skrubu za ukubwa huu, na sasa ningeweza kukifuata kwa uhakika badala ya kutegemea kiganja.

Kisha, kabla sijaitumia, wazo moja likanikalisha chini.

Spana ile ingelia.

Ningeiwekea 2.5, ningeizungusha skrubu ndefu katika tundu la mbele, skrubu ingegonga hesi za mtutu, na spana ingelia kwa sauti safi kabisa kuniambia kazi imekwisha. Inapima ukinzani wa kuzunguka. Haijui ukinzani huo unatoka wapi. Ningekuwa nimefanya kosa lilelile, mara hii nikiwa na namba ya kuliandika daftarini, na namba ingenifanya niwe mgumu zaidi kuamini kwamba nimekosea.

Vivyo hivyo gundi ya hesi. Kimiminika hiki kinachogandia mahali pasipo hewa kilibuniwa na Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, mwaka 1953, na jina la Loctite limekuwa kwetu mafundi kama jina la jumla. Ni kitu chema. Lakini gundi iliyopakwa kwenye skrubu iliyogota ingeifungia palepale ilipogota, na pengine ningemaliza msimu mzima bila kupata tone la mafuta la kunionyesha.

Sisemi vitu hivi visitumike. Ninavitumia vyote viwili sasa. Ninachosema ni kwamba huja mwishoni, baada ya maswali ambayo havina uwezo wa kuyajibu.

## Jinsi nilivyoirudisha

Nilitumia siku mbili kwa kazi ambayo mwezi Juni niliimaliza kabla ya chakula cha usiku.

Nilianza kwa kuchora umbo la besi zote mbili kwenye kadibodi na kutoboa matundu 4, kila skrubu ikae kwenye tundu lake lenyewe. Kifuniko cha kopo nimekitupa. Kisha nikasafisha matundu ya risiva kwa asetoni na vijiti vya pamba, tena na tena, mpaka pamba ikatoka kavu na nyeupe, kwa sababu mafuta ya kuzuia kutu hujificha chini ya hesi na kupanda juu siku ya jua kali. Uso wa chini wa besi nao niliufuta vivyo hivyo. Wapo wanaoacha mafuta pale chini wakiogopa kutu. Mimi nimeona afadhali nifungue na kukagua kila mwaka kuliko kuupunguza msuguano ambao ndio unaobeba mzigo wote.

Halafu nikaangalia kama besi inakaa. Nilipitisha moshi wa mshumaa juu ya risiva, nikailaza besi bila skrubu, nikaibonyeza kwa kidole gumba na kuiinua. Masizi yaliyohamia kwenye besi yalionyesha mahali vyuma vinapogusana. Ya mbele iligusa pande zote. Ya nyuma iligusa kingo mbili tu, katikati hapana. Nikafanya jaribio la skrubu moja: kaza ya mbele peke yake, tazama kama nyuma inainuka, legeza, kaza ya nyuma peke yake, tazama mbele. Besi ya nyuma iliinuka kiasi ambacho kipande cha karatasi kilipita chini yake. Ukiikaza hivyo hivyo kwa skrubu zote mbili italala, ndiyo, lakini italala kwa kupinda, na chuma kilichopindishwa hutafuta kurudi kilipotoka. Mvutano huo huingia kwenye ringi na mwishowe kwenye mrija wa darubini.

Pengo hilo nilijaza kwa epoksi. Unapaka nta ya viatu kwenye risiva na kuziba matundu ya skrubu kwa nta laini, unaweka epoksi kidogo chini ya besi, unailaza kwa uzito wake bila kuikaza, unaiacha usiku kucha. Asubuhi besi ilitoka na uso mpya unaolingana na risiva ile na si nyingine yoyote. Sijui kazi ndogo kuliko hii inayonipa furaha kubwa namna hii.

Urefu wa skrubu niliupima kila moja katika tundu lake, kwa namna niliyoieleza juu: bila besi, mpaka igote, kisha nafasi iliyo chini ya kichwa ilinganishwe na unene wa besi. Ikiwa nafasi ni kubwa kuliko unene, skrubu haitabana kamwe, hata mkaze watu wawili. Ile iliyozidi niliirudisha nyuma ilikostahili, ambako nako nilikuwa nimeweka fupi iliyoshika hesi mbili tu. Hesi za 6-48 zina nafasi ya kama nusu milimita kutoka jino moja hadi jingine, kwa hiyo milimita moja ya urefu uliopungua ni meno mawili yasiyofanya kazi. Nikafunga zote kwa muda, nikaingiza bolti iliyopakwa masizi kwenye masikio yake, nikaifunga na kuifungua mara kumi. Masizi yalibaki mazima.

Baada ya hayo ndipo ikaja gundi, ile ya buluu inayofunguka kwa bisibisi. Nyekundu huhitaji moto, na sitaki mtu yeyote atakayekuja baada yangu aweke moto juu ya risiva. Tone moja kwa kila skrubu. Gundi ikiwa bado mbichi hulainisha hesi, skrubu ikazunguka kwa wepesi na kubana zaidi kwa ukazo uleule, kwa hiyo niliiwekea spana 2.2 badala ya 2.5. Nilikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, mpaka ikalia kwa zote. Nikaiacha siku nzima.

Ringi nazo nilizisukuma mbele ndani ya mifuo yake kabla ya kuzikaza. Bunduki inaporudi nyuma darubini hubaki, maana yake ukiitazama kutoka kwenye bunduki inakimbilia mbele. Ringi iliyoachiwa nafasi mbele yake itaitumia.

Mwisho nilipitisha mstari mwembamba wa rangi ya kucha, mweupe, kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye besi. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka, na mtu yeyote anaweza kuuona bila kushika kifaa chochote.

Risasi 20 kwa siku mbili. Nilisimama baada ya kila tano kutazama mistari. Zote 20 ziliingia katika eneo la kiganja changu, na 5 za mwisho zilipigwa baada ya bunduki kuzunguka kilomita 60 ndani ya gari, kwa makusudi, kwenye njia ileile.

## Barua

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, na niliiahirisha kuliko zote.

Mgeni yule alikuwa amerudi kwao akiamini kwamba mkono wake ulimtesa mnyama usiku mzima. Mwindaji bingwa aliniambia kwamba yamepita, kwamba porini mambo haya hutokea, kwamba kumwandikia ni kufukua. Alikuwa na nia njema. Nilikaa na maneno yake siku kadhaa, nikayapima, na kila nilipokaribia kukubali nilijiuliza kama ningeweza kuwaambia vijana wangu wa ghala watoe skrubu na kuzipanga kwenye kadibodi huku mimi mwenyewe nimeacha uongo ukae mahali pake kwa sababu umekaza vizuri.

Nikamwandikia. Nilimweleza kuhusu skrubu ndefu na tundu la mbele, na ule mwezi mwandamo kwenye ncha. Nilimwambia kwamba msalaba alikuwa ameuweka panapostahili, kwa sababu nilisimama nyuma ya bega lake na niliona. Niliambatanisha picha ya skrubu.

Jibu lilikuja baada ya siku 9. Alishukuru kwa mistari miwili. Mstari wa tatu ulikuwa swali: je, bunduki nyingine mmezifungua?

Hatukuwa tumezifungua.

Ghalani kuna nyingine 5, na zote zilipita mikononi mwangu Juni ileile, kwenye kifuniko kilekile cha kopo. Tulianza jana jioni na iliyo kongwe kuliko zote, .30-06 iliyojengwa juu ya risiva ya Mauser 98, ambayo matundu yake ya besi yalitobolewa kwa mkono na fundi wa zamani. Chuma cha Mauser hizo ni kigumu usoni na hukimbiza ncha ya keekee, na ukitazama kwa makini utaona matundu hayakukaa katika mstari mmoja. Niliitilia shaka kuliko nyingine zote.

Kijana alishika tochi. Skrubu ya mbele ilitoka bila mlio. Niliigeuza mwangani: ncha yake ilikuwa nyeusi yote, ya mafuta na moshi wa miaka mingi, na hakuna kilichoigusa. Nikaiweka kwenye kadibodi, katika tundu lake, nikageukia ya pili.